Bunduki ya Plastiki na Kidole cha Dada

Dada yangu alirusha mpira wa mazoezi dirishani, nao ukatua kwenye beseni langu la nguo nilizokwisha kuzisuuza. Huo ulikuwa mpira wa tatu. Wa kwanza ulipotea na mpaka leo haujulikani uliko. Wa pili aliukalia makusudi mpaka ukapasuka, kisha akaniambia ulikuwa mbovu tangu dukani.

"Mkono wa kushoto umepata nguvu kweli," nikamwambia, huku nikiokota mpira katikati ya mashuka. "Ungekuwa umerusha kwa wa kulia, ningekupigia makofi."

"Nyamaza wewe mtoto."

Mtoto mwenyewe nina miaka sitini na saba na wajukuu tisa. Lakini Dada ananizidi miaka sita, na kwake yeye mimi bado ni yule mdogo wake wa kufungiwa kamba za viatu.

Kiharusi kilimpata miezi miwili kabla ya hapo, akiwa amesimama kwake anamwagilia maua. Miguu ikarudi. Mdomo ukarudi, tena ukarudi wote pamoja na nyongeza. Uliobaki nyuma ni mkono wa kulia. Ulikuwa umelala pajani pake kama paka wa watu, hautaki kuguswa na hautaki kuondoka.

Na huo mkono ulikuwa mkono gani! Dada alikuwa mpiga chapa ofisini kwa miaka thelathini na minane. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda mbio mpaka wenzake wakamwita Cherehani, na jina hilo likamfuata hadi alipostaafu. Bosi akisema neno, kabla hajameza mate Dada kashaliandika. Sasa alikuwa hawezi kufunga kifungo cha gauni, na mtu akijaribu kumsaidia anamtolea macho.

Daktari wa mazoezi alikuwa binti mpole mwenye raba nyeupe, anakuja kila Jumanne. Siku hiyo aliukuta mpira umelowa, akautazama, akanitazama mimi, akashusha pumzi.

"Bibi," akamwambia Dada, "mimi nataka kidole kimoja tu. Hiki cha shahada. Kikianza kujikunja chenyewe, tutakuwa na pa kuanzia. Lakini ukiuacha mkono ulale hivi utakakamaa, na hapo sitaweza kuandika kwamba urudi kwako ukaishi peke yako. Nani atakugeuzia ufunguo? Nani atakuwashia jiko?"

Dada akageuza uso ukutani. Kurudi kwake ndilo jambo pekee alilokuwa akilitaka duniani. Vyumba vyake viwili viko mtaa wa pili tu kutoka kwangu, na kila asubuhi alikuwa akiniuliza kama nimeyamwagilia maua, na kila asubuhi nikijibu ndiyo anauliza kwa maji kiasi gani. Kwangu alikuwa amehamisha sufuria zote kwa mkono mmoja, eti zilikaa vibaya. Nampenda dada yangu. Lakini nampenda zaidi akiwa mtaa wa pili.

"Mimi si mtoto wa kuchezea mpira," akasema.

"Basi utachezea nini, bibi?"

Akageuka kutoka ukutani. "Nipeni bunduki."

Binti wa watu akashtuka, kalamu ikamdondoka. Ikabidi nicheke ndipo nimweleze. Mwanangu wa kwanza, alipokuwa kijana, alikuwa na mashine ya gemu, ile ya zamani ya kuchomeka kaseti, na mashine hiyo ilikuwa na bunduki ya plastiki ya kulengea sahani zinazoruka kwenye TV. Kila Jumapili Dada alikuwa anakuja kwangu, anavua viatu, anawanyang'anya watoto bunduki. Hakuna mtoto aliyewahi kumshinda. Wengine walilia.

Daktari akauliza, "Hiyo bunduki ina pa kuvutia kwa kidole?"

"Inayo."

"Cha shahada?"

"Hichohicho."

"Basi itafuteni. Leo. Baada ya Jumanne tatu nitaandika ripoti yangu."

*

Mashine ilikuwa juu ya kabati langu, ndani ya sanduku, imefungwa kwa shuka na kunyunyiziwa dawa ya mende. Nani kama mimi kwa kutunza vitu? Nikaishusha kwa majivuno yote. Ilikuwa ya ghorofa tatu. Chini kuna kipande cha kucheza sahani za CD, juu yake mashine yenyewe, na juu kabisa kuna kidude kingine kinachochomekwa kwenye tundu la kaseti, ndicho kinachofanya picha ziwe nzuri. Mimi nilikuwa nikiviita Kiti, Mwenyewe na Kofia. Halafu pedi mbili za kubonyezea mchezo, kaseti saba, bunduki, na adapta tatu, kwa sababu kila ghorofa inakula umeme wake peke yake.

Adapta hizo zilifanana kama mayai. Nikampigia simu mwanangu, ambaye sasa yuko mbali na ana kipara.

"Mama, usiogope, niliziandika mwenyewe kwa kalamu ya wino. Moja, mbili, tatu."

"Hakuna maandishi hapa."

"Yapo, Mama. Nilikoleza sana."

Nikazigeuza. Zilikuwa zinang'aa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nilipokuwa nazihifadhi niliona zina uchafu wa wino, nikazisugua kwa sabuni na brashi ya waya mpaka zikatakata. Maandishi ya kiwandani nayo yalikwenda na maji.

"Mama? Upo?"

"Nipo, mwanangu. Mtandao mbaya." Nikakata.

Fundi wetu wa redio na TV anaitwa Taratibu. Ana jina lake lakini hakuna anayelijua, maana ukimpelekea kitu chochote jibu lake ni hilo. Duka lake ni chumba kimoja kilichojaa matumbo ya redio, na yeye amekaa katikati na miwani yake ya kukuza. Nikamwekea sanduku mezani.

"Kitendawili," nikamwambia, ili asikunje uso.

"Tega, bibi."

"Watoto wangu watatu wanalala kitanda kimoja, kila mmoja ana mama yake, na akinyonya kwa mama wa mwenzake anakufa."

Alikuwa ameshika adapta mbili mkononi, moja mkono huu, nyingine mkono huu. Akafikiri. Akajikuna. "Ng'ombe?"

"Ng'ombe kitandani, fundi?"

"Basi sijui."

Nikamnyooshea kidole kwenye hizo adapta. Akazitazama kama vile ndiyo kwanza anaziona, akaanza kucheka, na kicheko chake nacho kilikuwa cha taratibu.

"Nina wiki tatu tu," nikamwambia. "Ni mkono wa dada yangu."

"Taratibu, bibi."

Alichukua siku tatu kuzipima adapta na kujua ipi ni ya nani. Siku ya nne akafungua Mwenyewe, akanionyesha vipipa vidogo vilivyovuja maji mabaya yaliyoanza kula njia za shaba. Akasema kila kipipa lazima kibadilishwe, na Kofia ina vyake, na Kiti kina vyake. Nikamwambia sisi hatuna haja na Kiti, gemu ya bunduki iko kwenye kaseti. Akasema Kiti kikiwa na hitilafu Mwenyewe anagoma kuamka. Nikamwambia basi mng'oe Kiti. Akasema kimeng'ang'ania kwa kutu na akikivuta atavunja meno yote. Nilikuwa nakwenda pale kila siku asubuhi. Siku namkuta anasugua vichwa vya kaseti kwa kifutio cha penseli na spiriti, kimoja nusu saa. Siku namkuta anakunywa chai. Siku moja nilikuta mashine imefungwa vizuri na mezani kuna skrubu mbili.

"Hizi ni za wapi?"

"Zimebaki."

"Zimebakije?"

"Bibi, viwandani huwa wanaweka nyingi."

Nikashika kichwa. Jumanne ya kwanza ilikuwa imepita, na ya pili inakuja. Nyumbani Dada alikuwa amekwisha kuhamisha sufuria mara ya pili, akizirudisha palepale zilipokuwa zamani, na kudai ni wazo lake. Mkono ulikuwa palepale pajani. Daktari alikuja na mpira wa nne, Dada akaupokea kwa heshima zote na kumpa mtoto wa jirani aliyekuwa anapita dirishani.

*

Taratibu alileta mashine siku iliyofuata hiyo Jumanne ya pili. Akaifunga kwenye TV yetu ya ukutani, ile bapa waliyoninunulia wanangu. Akawasha. Taa nyekundu, kimya, kisha ule wimbo! Nilikuwa nimeusahau, na hapohapo nikakumbuka kwamba nilikuwa nauchukia. Ulinirudishia harufu ya soksi za watoto na kelele zao. Sahani zikaanza kuruka kwenye anga la bluu. Dada akachukua bunduki kwa mkono wa kushoto.

"Naijaribu tu," akasema, alipoona ninavyomtazama.

Akalenga, akavuta. Kwa! Sahani ikapita. Akavuta tena. Sahani ikapita, na mashine ikapiga ile tarumbeta yake ya kumcheka aliyekosa: pwee, pwee, pweee. Akasogea mpaka mdomo wa bunduki ukagusa kioo. Sahani ikapita.

"Fundi," nikasema.

Taratibu akavua miwani, akaifuta. "Bunduki hizi hazipatani na TV bapa. Zinataka TV ya chogo. Bunduki inasoma mwanga wa kioo cha zamani, huu wa kisasa hauijui."

"Ulikuwa unalijua hilo?"

"Tangu nianze ufundi."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, bibi."

Nilikwenda jikoni. Nikanywa maji glasi mbili. Nikamsikia Dada akimwambia, "Ondoka kabla hajarudi," na mlango ukafungwa kwa haraka ambayo sikuwahi kumwona nayo fundi yule.

TV yetu ya chogo nilikuwa nimempa jirani mshonaji miaka mingi iliyopita. Nilimkuta kwenye cherehani yake, na TV nikaiona pale pale sebuleni. Alikuwa ameitandika kitambaa na juu yake ameweka TV yake mpya.

"Jirani, naomba niazime hiyo."

"Hiyo mpya?"

"Hiyo ya chini."

"Hiyo si TV, hiyo ni meza," akasema. "Nikikupa, hii yangu itakaa wapi? Hewani?"

"Haijafa?"

"Ilikuwa inaonyesha vizuri tu. Aibu ndiyo iliyoiua. Wageni walikuwa wananicheka."

Tukabadilishana. Nilimpa meza yangu ya pembeni ya kitanda, meza ya mninga ambayo hata sikuwa nimemaliza kuipenda, na vijana wawili wa duka la mbao wakanibebea TV, mmoja akilalamika kwamba chogo lake ni zito kuliko la mjomba wake. Tukaiwasha, ikakohoa vumbi, ikaonyesha. Nikafunga mashine mwenyewe, nikizitazama zile adapta kama mtu anayeshika nyoka. Wimbo. Anga la bluu. Sahani.

Kwa! Ikapita. Kwa! Ikapita. Pwee, pwee, pweee.

Hapo ndipo nilipopandwa na mashetani. Nilitoka na bunduki mkononi, kanga begani, nikakata mtaa mzima mpaka kwa Taratibu, na watu wakawa wananipisha njia. Nilimwambia yote. Nilimwambia ameua bunduki ya watoto wangu. Nilimwambia zile skrubu mbili ndizo zilizokuwa roho yake. Nilimwambia kama angekuwa daktari watu wangezikwa na figo zimebaki mezani. Mteja mmoja aliyekuwa ameleta pasi akaichukua pasi yake, akaondoka nayo.

Taratibu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua tochi ndogo, akamulika ndani ya mdomo wa bunduki. Akamulika tena. Akanitazama.

"Bibi," akasema, sauti ya chini kabisa, "hii pamba ni ya nani?"



Pamba ilikuwa yangu. Nilipokuwa naihifadhi ile bunduki niliona ina tundu mbele, nikajiambia mende hawakosi kutaga humo. Nikasokota pamba nzuri, nikaishindilia kwa kijiti mpaka ndani kabisa, nikafurahi. Bunduki ilikuwa nzima kwa miaka yote hiyo. Ilikuwa imefumbwa macho tu.

"Nisamehe, baba," nikamwambia.

"Taratibu, bibi," akasema, na mara hii lile neno lilinistahili.

Nilirudi nyumbani, nikaitoa pamba kwa sindano yangu ya kufumia, uzi kwa uzi, Dada akinitazama. Nilipomweleza, alianza kutikisika mabega. Nikadhani ni kiharusi kingine. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akakohoa, akacheka mpaka machozi yakamshuka, na tangu atoke hospitali nilikuwa sijamsikia akicheka hata mara moja.

"Uliiziba bunduki masikio!" akasema.

"Macho."

"Yote! Wewe ungekuwa na nafasi ungemfua hata fundi!"

*

Basi bunduki ikaona, na Dada akacheza. Alicheza baada ya chai, alicheza baada ya chakula cha mchana, alicheza jirani mshonaji akija kuiangalia "meza" yake inavyoendelea. Alivunja sahani ishirini mfululizo. Alivunja thelathini na mbili. Alikuwa anaegemea mbele kwenye kiti, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, kama zamani alipokuwa akichapa barua ya haraka. Nilifurahi siku ya kwanza. Nilifurahi nusu ya siku ya pili.

Mkono ulikuwa wa kushoto. Wote ule uchezaji ulikuwa wa mkono wa kushoto, na wa kulia ulikuwa pajani umelala, paka wa watu.

"Dada," nikamwambia siku ya tatu, "kesho kutwa ni Jumanne."

"Najua kalenda."

"Huu si mkono wa daktari."

"Usinichoshe, nina sahani arobaini."

"Nimegombana na fundi mtaa mzima ukisikia. Nimetoa meza yangu ya mninga. Nimetoa pamba! Na wewe unafanyia mazoezi mkono mzima! Hata kujaribu hutaki?"

Akaiweka bunduki chini. Mashine ikaendelea kurusha sahani peke yake na kujichekea, pwee, pwee.

"Unadhani sijajaribu?" akasema. "Kila ukienda dukani najaribu. Naishika hivi, nakiambia kidole, njoo. Hakiji. Kinanitazama tu. Nimekibembeleza, nimekitukana. Nilikuwa nakiamuru hata bila kujua kama nakiamuru, miaka yote ile. Sasa kidole kimoja kinanishinda. Na unataka nishindwe huku wewe umekaa hapo unaniangalia?"

Nikaja kukaa kwenye mkono wa kiti chake, jambo ambalo hulikataza. Mara hii hakulikataza. Mimi nikiwa sina neno huwa nina kitendawili.

"Kitendawili."

"Sitaki."

"Kitendawili, Dada."

"Haya, tega."

"Askari kumi hawatoki chumbani, lakini kutwa nzima wanaandamana, na jioni nyayo zao nyeusi zimejaa shamba jeupe."

Alijua. Nani angevijua vidole vya mpiga chapa zaidi yake? Niliona amejua, kwa jinsi alivyotazama dirishani na kumeza mate. Lakini akasema, "Sijui."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Sina mji wa kukupa." Akaushika ule mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua kama mtu anayeinua mzigo wa mtu mwingine, akauweka juu ya magoti yangu. "Chukua huu. Mimi haunifai."

Nikauchukua. Ulikuwa na joto, mzito, na kwenye ncha ya kidole cha shahada bado kulikuwa na ile sugu ya taipu, ngumu kama punje. Nikauweka juu ya mkono wa kiti, nikaipachika bunduki ndani yake, nikavizungusha vidole kimoja kimoja, na kile cha shahada nikakipitisha kwenye tundu lake. Nikavuta kiti chini ya mdomo wa bunduki kuuegemeza, na mto juu yake. Dada aliniachia nifanye. Niliogopa kuliko kama angenitukana.

Kisha nikachukua pedi ya pili. Katika ile gemu, mwenye pedi ya pili ndiye anayeiendesha sahani. Anaweza kuipandisha, kuishusha na kuikimbiza pembe hadi pembe. Wanangu walikuwa wakipigana kwa ajili hiyo. Mimi nilikuwa sijawahi kuishika pedi maishani mwangu isipokuwa kuifuta vumbi.

Nikabonyeza. Sahani yangu ikaruka, ikagonga juu, ikaanguka. Nikajaribu tena. Nilipoipata, niliileta katikati kabisa ya anga la bluu, mbele ya mdomo wa bunduki, nikaishikilia hapo.

"Vuta," nikamwambia.

Hakuna kitu. Nilimwona jasho linamtoka juu ya mdomo. Kidole kimelala. Sahani ikayumba angani, nikairudisha katikati. Nje muuza mkaa alipita akipiga kelele zake, akafika mwisho wa mtaa, akageuka, akarudi. Kidole kimelala. Nilitaka kusema basi, tupumzike, tutajaribu kesho, na neno lilikuwa limefika ulimini.

Kwa!

Sahani ikapasuka vipande vipande. Mashine ikapiga ule wimbo wake wa ushindi niliouchukia miaka yote, na mimi nikasimama na pedi mkononi nikapiga kigelegele mpaka waya ukachomoka.

"Umeisimamisha," akasema Dada.

"Nini?"

"Sahani. Umeisimamisha. Sahani gani inaruka ikakaa angani kama shati kambani? Umenihurumia?"

"Kidogo tu, Dada. Mara ya kwanza hii."

"Nani amekutuma?" Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira, macho yamejaa maji. "Miaka yote ile nani alinishikia sahani? Chomeka huo waya. Kaa chini. Ikimbize."

"Dada, kidole ndiyo kwanza..."

"Nimesema ikimbize, wewe mtoto!"

Nikachomeka waya. Nikakaa. Na kwa kuwa mimi nami alikuwa amenichosha kwa miezi miwili, sufuria zangu na maua yake na mashuka yangu, niliikimbiza. Niliipeleka kushoto, nikaishusha, nikaipandisha kama nzi aliyelewa. Nilisikia anahema. Ilikuwa muda mrefu, na niliapa sitasimama, na sikusimama.

Kwa!

Sahani ikapita salama. Pwee, pwee, pweee.

"Nimekosa!" akapiga kelele Dada.

"Umekosa," nikasema, macho yangu yako kwenye kidole, si kwenye sahani.

"Lete nyingine!"

Nikaleta. Safari hii haikuchukua muda ule. Kwa! Pwee, pwee, pweee. Nikaleta nyingine. Kwa! Jirani mshonaji akachungulia dirishani na futi yake ya kupimia shingoni, akauliza kuna nini, mbona mashine inamcheka bibi wa watu namna hiyo. Hakuna aliyemjibu. Kwa! Pwee, pwee, pweee. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, nikicheka na kulia palepale, na Dada akazidi kuchemka.

"Unacheka nini? Nimekosa saba!"

"Nane, Dada," nikamwambia, nikiikimbiza sahani. "Kosa nyingine."